Sikio la mbwa linatoa usaha kwa mara ya tatu: ni utitiri, fangasi au bakteria?

SWALI: Daktari, nina mbwa dume wa miaka mitatu, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Tunaishi Tanga karibu na bahari, na vijana wangu humpeleka kuogelea karibu kila Jumapili. Mwaka jana alianza kujikuna na kutikisa kichwa, na masikio yote mawili yakawa na uchafu wa kahawia wenye mafuta na harufu ya kuchacha. Kwenye duka la dawa za mifugo nilipewa dawa ya matone, akapata nafuu ndani ya siku tatu, nikaacha. Baada ya miezi michache hali ilirudi, nikatumia dawa ileile, ikapungua. Sasa imerudi tena, lakini safari hii sikio la kulia linatoa majimaji ya kijani na njano, linanuka kama kitu kilichooza, na nikiligusa analia. Jirani anasema ni utitiri na anataka nimchome ile sindano ya ng'ombe. Mwingine ananishauri nimwagie haidrojeni peroksaidi. Nimebakiwa na nusu chupa ya matone. Mbwa hula ugali wa dona, dagaa na masalia ya nyama ya ng'ombe, na ana tabia ya kulamba miguu sana. Nitajuaje huu ni ugonjwa wa aina gani? Nitumie dawa niliyo nayo? Nyumbani kuna paka pia, naye atibiwe?

JIBU: Ndugu msomaji, asante kwa kueleza kwa kina namna hii, maana mengi ambayo daktari angelazimika kukuuliza umekwisha kuyasema mwenyewe. Unataka kujua jinsi ya kutambua aina ya ugonjwa uliomo masikioni mwa mbwa wako, na kama dawa uliyobakiwa nayo inafaa. Nianze na hilo la pili, kwa kuwa ndilo la haraka. Usitie matone hayo, usimwagie haidrojeni peroksaidi, na usikubali achomwe sindano yoyote kabla sikio halijatazamwa mpaka ndani. Kwa dalili ulizozitaja, sikio la kulia limefika hatua ambayo mbwa anapaswa kuonwa na daktari wa mifugo ndani ya siku mbili tatu hizi, na si jambo la kusubiri mwisho wa mwezi.

Ili sababu zieleweke, yafaa kwanza kujua sikio lenyewe limeumbwaje. Kwa binadamu njia ya sikio ni fupi, takriban sentimita 2.5, na huelekea ndani karibu moja kwa moja. Kwa mbwa njia hiyo hushuka wima kando ya kichwa, kisha hukata kona na kulala kuelekea ndani mpaka kwenye kiwambo cha sikio, kwa umbo la herufi L. Urefu wake wote, kutegemea ukubwa wa mbwa, hufika kati ya sentimita 5 na 10. Kwa hiyo unapofunua sikio na kumulika kwa tochi ya simu, unachokiona ni mlango na sehemu ya juu tu ya ile njia ya wima. Kona huioni, kiwambo hukioni, na huko usikokuona ndiko maji, nta na usaha hutuama kwa kukosa pa kutokea. Ongeza joto na unyevunyevu wa pwani, ongeza na maji ya bahari ya kila Jumapili, utaelewa kwa nini vimelea hupata makao mazuri humo.

Watu wengi wanapouliza aina ya ugonjwa wa sikio, huwa wanauliza swali moja tu: ni kimelea gani kimeota humo? Swali hilo ni la haki, lakini peke yake halimponyi mbwa. Yako mengine mawili ya kuuliza pamoja nalo: ugonjwa umefika kina gani, na ni kitu gani kilichoufungulia mlango tangu mwanzo. Mbwa wako ametibiwa mara mbili kwa kujibu nusu ya swali la kwanza, ndiyo maana uko hapa kwa mara ya tatu.

Nichukue kwanza dhana ya jirani yako, kwa sababu imeenea sana. Utitiri wa masikio upo kweli. Ni wadudu wadogo mno, chini ya nusu milimita, ambao jicho kali huweza kuwaona kama vidoa vyeupe vinavyotembea juu ya uchafu mweusi. Uchafu wao ni mkavu, hupukutika, na huonekana kama kahawa iliyosagwa. Muwasho wake ni mkali kupita kiasi, na mara nyingi hushambulia masikio yote mawili. Waathirika wakubwa ni watoto wa mbwa na wale wanaoishi pamoja na paka wanaozurura, kwa sababu utitiri huambukizwa kwa kugusana. Kwa mbwa mzima wa miaka mitatu, mwenye uchafu wa mafuta mwaka jana na majimaji ya kijani leo, utitiri ungekuwa karibu na mwisho wa orodha yangu, ingawa nisingeufuta kabisa kabla ya kutazama uchafu huo kwenye hadubini.

Ulichokieleza cha mwaka jana kinanielekeza zaidi kwa fangasi. Katika masikio ya mbwa anayetawala ni Malassezia, fangasi wa chembe moja moja ambaye huishi kwa idadi ndogo hata kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya bila kumdhuru. Anapopata unyevu na nta nyingi huzaliana kupita kiasi, na hapo uchafu hugeuka wa kahawia, wenye mafuta yanayonata kidoleni, na harufu ya kitu kilichochacha ambayo hata mgeni akiingia sebuleni huisikia. Ngozi ya ndani ya sikio huwa nyekundu, na ugonjwa ukikaa muda mrefu huwa nene na yenye mikunjo. Mbwa huwashwa na hufurahia kusuguliwa, kiasi kwamba ukimshika chini ya sikio hukuegemea na kuguna. Mbwa wako wa mwaka jana alijikuna. Wa leo analia akiguswa. Kupita kutoka muwasho kwenda maumivu ni badiliko kubwa kuliko hata badiliko la rangi, na ndilo lililonifanya nikuhimize uharakishe.

Bakteria nao si wa namna moja. Wapo wenye umbo la duara, hasa wale wa kundi la Staphylococcus, ambao nao ni wakazi wa kawaida wa ngozi ya mbwa. Hawa kwa kawaida hutoa uchafu mzito kiasi, wa njano au kahawia hafifu, na mara kwa mara huonekana pamoja na fangasi katika sikio lilelile. Wapo pia wenye umbo la fimbo, na miongoni mwao anayetuogopesha zaidi ni Pseudomonas. Akishika, sikio hutoa majimaji mengi au utelezi wa kijani, njano, wakati mwingine karibu mweusi. Harufu huwa ya kuoza. Ngozi ya ndani huchubuka na kufanya vidonda. Na mbwa ambaye hajawahi kumuuma mtu huweza kumgeukia hata bwana wake anapoguswa kichwani. Bakteria huyu kwa maumbile yake haogopi dawa nyingi za kawaida, na hujifunika utando wa utelezi unaozuia dawa isimfikie. Mara nyingi hujitokeza kwenye sikio ambalo limekwisha kutibiwa mara kadhaa kwa dawa ileile. Picha uliyoichora ya sikio la kulia inafanana naye, ingawa kufanana si uthibitisho.

Nalisisitiza hilo kwa sababu rangi na harufu hudanganya. Nimetaja dalili za kila aina ili ujue cha kutazama na uweze kumweleza daktari vizuri, wala si ili uchague dawa kwa pua. Sikio moja huweza kuwa na fangasi na bakteria wa aina mbili kwa pamoja, na sikio la kushoto likawa na kitu tofauti kabisa na la kulia. Kipimo kinachotenganisha haya ni rahisi. Daktari huzungusha kijiti cha pamba ndani ya sikio, huiviringisha ile pamba taratibu juu ya kipande cha kioo, hukitia rangi, na ndani ya dakika chache huwa anatazama kwenye hadubini. Fangasi huonekana wakubwa, wenye umbo la njugu au la alama ya nyayo ya kiatu; bakteria wa duara huonekana kama nukta zilizojikusanya; wale wa fimbo huonekana kama vijiti vifupi. Chembe nyeupe za damu zikijaa humo, zinaeleza kwamba mwili uko vitani. Kila sikio huchukuliwa kioo chake. Utitiri hutafutwa kwa kuchanganya uchafu na tone la mafuta na kuutazama bila rangi. Daktari akikupa dawa ya sikio bila kufanya hivi, na hii ni mara ya tatu, mwombe kwa heshima afanye. Vijiti vikionekana, sampuli nyingine inapaswa kupelekwa maabara ili bakteria waoteshwe na ijulikane ni dawa ipi inayowamudu.

Sasa swali la kina. Ugonjwa unaoishia upande wa nje wa kiwambo huitwa wa sikio la nje, na ndio walio nao mbwa wengi. Unapodumu, usaha huweza kukila kiwambo mpaka kikatoboka na ugonjwa ukaingia sikio la kati, ndani ya chumba kidogo cha mfupa. Kwa mbwa wenye ugonjwa sugu wa masikio jambo hili ni la kawaida kuliko wenye mbwa wanavyodhani, na mara nyingi halina dalili ya pekee. Wengine huonyesha maumivu wanapopiga mwayo au kutafuna, wengine uso hulegea upande mmoja, mdomo ukaning'inia, jicho likashindwa kufumba, mate yakadondoka upande huo. Ugonjwa ukipenya zaidi hadi sikio la ndani, huharibu kiungo cha usawa: mbwa huinamisha kichwa upande mmoja, huzunguka, huanguka, hutapika, na macho yake hucheza kwa kasi bila yeye kutaka. Ukiona lolote kati ya haya, usihesabu siku mbili tatu nilizosema. Mpeleke siku hiyohiyo.

Hapa sina budi kutaja kichaa cha mbwa, kwa sababu katika nchi zetu bado kipo na bado kinaua. Mbwa mwenye uso uliolegea na mate yanayodondoka kwa ajili ya sikio amewahi kudhaniwa ana kichaa akauawa bure. Kinyume chake ni hatari zaidi: mbwa mwenye kichaa, aliyebadilika tabia, anayeshindwa kumeza, taya limelegea na miguu inapepesuka, kisha mtu akatia mkono mdomoni au masikioni akitafuta kilichomkwama. Kama mbwa wako hajachanjwa kichaa, au chanjo yake imepitwa na muda, mwambie daktari kabla hajamgusa. Akimuuma mtu wakati wa kumhudumia, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na aliyeumwa aende hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri kujadiliana kama ni sikio au ni kichaa.

Yapo matatizo mengine ya sikio nitakayoyapitia kwa haraka, kwani hayalingani na maelezo yako. Mbwa aliyekuwa mzima asubuhi, kisha baada ya kukimbia majanini akaanza ghafla kutikisa kichwa na kuinamisha sikio moja tu, mara nyingi ana mbegu ya nyasi au kupe aliyeingia ndani ya njia ya sikio. Kupe hupenda mikunjo ya sikio, na huleta maradhi ya damu juu ya usumbufu wa sikio lenyewe. Wa nje mwondoe kwa kibano, wa ndani mwachie daktari, na usimwagie mafuta ya taa. Vidonda vyenye magamba na damu kwenye ncha za masikio yaliyosimama huwa ni kazi ya nzi wanaouma. Na sikio likivimba ghafla, likawa jororo na la moto, ni damu iliyovujia kati ya ngozi na gegedu kwa sababu ya kutikisa kichwa kwa nguvu. Usilitoboe nyumbani, na mtibu pia muwasho uliomfanya atikise.

Turudi kwa mbwa wako, kwenye swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililoachwa bila kuulizwa mwaka mzima. Fangasi na bakteria niliowataja ni wakazi au wapita njia, nao hustawi pale ngozi ya sikio inapokuwa imekwisha kuharibika kwa sababu nyingine. Umetaja mambo mawili bila kujua uzito wake: alianza akiwa na umri wa takriban miaka miwili, na analamba miguu sana. Mbwa mwenye mzio wa vitu vya mazingira, kama vumbi la ndani na chavua, kwa kawaida huanza kuonyesha dalili kati ya miezi sita na miaka mitatu, na sehemu zinazowashwa zaidi ni miguu, makwapa, tumbo na masikio. Ngozi inayotanda njia ya sikio ni ngozi ileile ya mwili. Inapowaka kwa mzio hutoa nta nyingi, huvimba, huongeza joto, na fangasi huikuta karamu tayari. Mzio wa chakula nao huweza kujionyesha kwa namna hiyohiyo, na kwa baadhi ya mbwa masikio ndiyo dalili pekee. Kuogelea baharini huchangia kwa kulowesha ngozi, lakini sidhani kama ndiko chanzo, kwani mbwa wengi huogelea maisha yao yote bila kuugua masikio.

Kwa hiyo sikio likishatulia, ningependa ujaribu chakula. Miongoni mwa vyakula vinavyoongoza kuwasumbua mbwa wenye mzio ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano, na mbwa wako hula nyama ya ng'ombe karibu kila siku. Jaribio halihitaji chakula cha kopo kutoka nje. Tafuta nyama ambayo hajawahi kuila, sungura kwa mfano, uichemshe pamoja na viazi vitamu, na ale hivyo tu kwa wiki nane. Neno "tu" lina maana yake kamili: hakuna dagaa, hakuna mfupa wa jirani, hakuna kipande cha mkate kutoka kwa mtoto, hakuna maziwa yaliyobaki kwenye kikombe. Katika muda huo aendelee na dawa ya kuzuia viroboto, ili muwasho wao usichanganye matokeo. Ukiona miguu na masikio yametulia, mrudishie chakula cha zamani. Akianza kuwashwa tena ndani ya wiki moja au mbili, umepata jibu ambalo hakuna kipimo cha damu kingekupa kwa uhakika huo. Asipobadilika kabisa, mzio wa mazingira unabaki kuwa mtuhumiwa mkuu, nao hutunzwa maishani mwote badala ya kuponywa mara moja. Najua wiki nane ni ndefu katika nyumba yenye watoto. Hata hivyo ni nafuu kuliko sikio linalorudi kila baada ya miezi mitatu.

Nieleze sasa kwa nini nilikataza kile ulichobakiwa nacho. Dawa nyingi za matone ya masikio ya mbwa huchanganya vitu vitatu: antibiotiki, dawa ya fangasi, na steroidi ya kutuliza uvimbe. Steroidi hufanya kazi mapema mno, na ndiyo iliyompa mbwa wako nafuu ndani ya siku tatu. Wakati huo vimelea walikuwa wamepungua tu, kwa sababu matibabu ya sikio kwa kawaida huhitaji wiki mbili hadi nne, na hukoma pale hadubini inapoonyesha sikio ni safi. Kuacha mapema, kisha kurudia dawa ileile, huwabakiza bakteria wale wanaoistahimili. Isitoshe, chupa iliyofunguliwa miezi iliyopita, ncha yake ikagusa sikio lenye usaha, si dawa safi tena. Kubwa kuliko yote ni kiwambo. Kama kimetoboka, baadhi ya antibiotiki za matone, jentamaisini ikiwemo, zikiingia ndani huweza kumsababishia uziwi na kupoteza usawa. Dawa za masikio za binadamu zina hatari hiyohiyo.

Haidrojeni peroksaidi hutoa povu linaloonekana kama linasafisha, kumbe huchoma ngozi iliyochubuka na kuacha unyevu nyuma yake. Spiriti na siki kwenye vidonda ni mateso tu. Na ile sindano ya ng'ombe anayoisema jirani bila shaka ni ivamektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu wa mwilini. Madaktari huitumia kwa mbwa kwa magonjwa fulani, lakini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe ni kali kiasi kwamba kosa dogo la kipimo huwa kosa kubwa mwilini mwa mbwa. Tena mbwa wa jamii za wachunga mifugo, wakiwemo Collie na baadhi ya German Shepherd, huweza kurithi kasoro inayoruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo, wakapepesuka, wakapofuka kwa muda, wakazirai, na wengine wakafa. Wako ana damu hiyo. Hata ingekuwa ni utitiri, leo zipo dawa salama zaidi za kumeza au za kudondoshea mgongoni.

Daktari atafanya nini? Kwanza atajaribu kukiona kiwambo kwa kifaa cha kutazamia sikio. Kama njia imevimba hata kifaa hakipiti, au mbwa ana maumivu makali, pengine atampa prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kupunguza uvimbe, na dawa ya maumivu kwa siku chache, kisha ataonana naye tena. Kwa sikio kama lako, huduma iliyo bora ni kumlaza kwa dawa ya usingizi, kulisafisha sikio mpaka chini kwa maji maalumu, kukikagua kiwambo, na kuchukua sampuli kutoka ndani kabisa. Hilo lina gharama, na si kila familia inaimudu. Kama huna uwezo huo sasa, mwambie daktari waziwazi. Kipimo cha hadubini, dawa ya kusafishia, matone yaliyochaguliwa kwa kufuata kipimo, na kurudi baada ya wiki mbili ni njia ya heshima kabisa. Ningekusihi usibane matumizi kwenye ile safari ya kurudi, maana ndipo hujulikana kama ugonjwa umekwisha au umenyamaza tu. Sikio likipuuzwa miaka mingi, njia huziba na gegedu hugeuka ngumu kama mfupa, na hapo hubaki upasuaji wa kuiondoa njia yote ya sikio. Huwaondolea mbwa maumivu ya kweli, lakini ni mkubwa, una hatari zake, na mbwa hupoteza sehemu kubwa ya usikivu wa upande ule. Mbwa wako yuko mbali na hapo, na kuna kila sababu ya kumweka mbali.

Usimsafishe kabla ya kumpeleka, kwa sababu utafuta ushahidi ambao daktari anauhitaji na utamuumiza bila faida. Baada ya hapo, utakapoelekezwa kumsafisha nyumbani, inua sikio juu, jaza njia kwa dawa ya kusafishia mpaka uione imefika mlangoni, kisha kanda chini ya sikio, pale vidole vinapohisi kitu kama bomba gumu nyuma ya taya. Utasikia mlio wa majimaji yanayocheza ndani; usipousikia, hujatia ya kutosha. Kanda kwa nusu dakika, mwachie ajitikise, kisha futa kinachotoka kwa pamba iliyozungushiwa kidole, wala usizidi pale kidole kinapoishia. Vijiti vya pamba vya masikio visiingie kabisa, kwani husukuma uchafu kwenye kona na kuushindilia. Subiri kidogo, ndipo utie dawa ya tiba. Kuogelea asimamishiwe mpaka apone, na akirudi baharini, masikio yasafishwe na kukaushwa jioni ileile.

Ikiwa mahali ulipo hakuna kliniki ya mbwa na paka yenye hadubini, daktari wa mifugo wa halmashauri anaweza kuandaa vioo viwili, kila kimoja kikiandikwa ni cha sikio gani, na kuvipeleka maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hupokea sampuli, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kukimbilia kesi ikishindikana. Beba ile chupa ya matone, hata kama hutaitumia, pamoja na kadi ya chanjo. Jina la dawa iliyokwisha kutumika humsaidia daktari kujua ni ipi asiirudie. Njiani mfunge mdomo kwa kitambaa laini au mvike kifunika mdomo, hata kama ni mpole, kwa sababu maumivu ya sikio hayamruhusu mbwa kukumbuka upole wake.

Kuhusu paka: Malassezia na Pseudomonas hazitamrukia kutoka kwa mbwa, kwa hiyo asitiwe dawa yoyote kwa sasa. Mtazame masikio tu. Hadubini ikionyesha utitiri, hapo ndipo mbwa na paka wote watibiwe kwa wakati mmoja, hata asiyejikuna, na tiba iendelee zaidi ya wiki tatu, kwani huo ndio muda wa yai kukua mpaka kuwa mdudu kamili. Paka anunuliwe dawa yake mwenyewe. Dawa za mbwa zenye permethrini, ambazo hutumika sana dhidi ya kupe na viroboto, ni sumu kwake hata kwa kiasi kidogo, na mbwa aliyepakwa dawa hiyo asilale naye mpaka ikauke kabisa.